Meli Isiyo na Katikati

Kisoma-chuma kilikuwa na ukubwa wa kobe na mwendo wa kobe. Kiling'ang'ania ukuta kwa miguu ya sumaku, kikahesabu, kikasogea upana wa kidole, kikahesabu tena. Asumini Mnali na Daktari Chande, mtaalamu wa mionzi, walikitazama kwenye kioo cha kompyuta wakiwa nje, nyuma ya milango miwili ya madini ya risasi, kwa sababu katika chumba cha kinu cha nyuklia mtu hakuruhusiwa hata kuchungulia. Tangu asubuhi kioo kilikuwa kijivu kitupu.

"Hiki ukikituma chumvi," Chande alisema, "mchuzi utachacha."

Asumini alicheka kidogo. Alikuwa mkuu wa makumbusho ambayo hayajafunguliwa, na kwa muda mrefu kazi yake kubwa ilikuwa kusubiri.

Manowari yenye kinu hicho ilikuwa na jina refu la Kaskazini, lakini Mtwara nzima iliiita Mgeni. Iliingia ghubani kuomba hifadhi ya siku chache baada ya ajali baharini, Asumini akiwa bado shule ya msingi, na haikuondoka tena. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe, jembe likaota kutu, na yeye akaota kutu pia. Vita vyake vilikwisha. Mafuta ya kinu chake yalitolewa yakarudishwa kwao, lakini kinu chenyewe na kuta zake vilibaki, na vilikuwa bado vinatoa mionzi.

Sasa Mkataba wa Bahari Safi ulilitaka kila taifa lirudishe nyumbani sumu yake. Shirikisho la Kaskazini lilikuja na mpango uliompendeza kila mtu. Wangeiweka meli juu ya chelezo, jukwaa la kukarabatia meli, na kuikata vipande vitatu. Kipande cha katikati, chenye chumba cha kinu, wangekwenda nacho. Viwili vilivyobaki wangeviunganisha, wangevichomelea na kuvipaka rangi, kisha ndani wangeweka kinu cha plastiki chenye taa. Mji ungebaki na meli nzima, fupi kidogo kuliko ya zamani, na wageni wa kuiangalia. Kabla ya kukata, sheria ilitaka chuma kipimwe kijulikane wapi kimechoka. Ndiyo kazi kobe aliyokuwa anaifanya.

Alasiri kijivu kilianza kugawanyika. Doa jeupe lilitokea upande wa mlango, likashuka, likapata mabega. Chande aliacha kunywa chai.

Alieleza polepole, kama mtu anayejieleza mwenyewe kwanza. Mionzi ikikipiga chuma kwa muda mrefu huacha makovu madogo kuliko vumbi, na kisoma-chuma huyahesabu makovu hayo. Mahali penye makovu machache maana yake kuna kitu kilisimama kati ya kinu na ukuta, kikazuia. Risasi huzuia. Maji huzuia vizuri pia. Asumini aliuliza kama palikuwa na tangi la maji pale. Chande aliangalia ramani ya meli, akatikisa kichwa.

"Mtu ni maji," alisema.

Walitazama hadi kobe alipofika mwisho wa ukuta. Vivuli vilikuwa kumi na kimoja, vimepangana kwa safu kutoka mlangoni. Cha kwanza kilikuwa kidogo, chenye kingo kali kama kimekatwa kwa mkasi. Cha pili kilikuwa kikubwa, kimefifia pembeni. Kisha kidogo kikali, kisha kikubwa kilichofifia, na hivyo hivyo hadi mwisho.

Asumini hakuhitaji kuelezwa. Safu ile alikuwa ameiona kila msimu wa korosho tangu akiwa mtoto, kwenye ghala la bandari. Makuli wa Mtwara hawabebi gunia kutoka mahali hadi mahali, hulipokezana. Mmoja hugusisha visigino ukutani na kutazama nje. Huyo huitwa wa mgongo. Wa pili husimama hatua moja mbele akiutazama ukuta. Huyo ni wa uso. Wa tatu ni wa mgongo tena. Kwa njia hiyo mikono inakutana bila mtu kugeuza kiuno, na kazi ya kutwa nzima haivunji mgongo. Kila kuli ana nafasi yake, na haibadilishi mpaka anapoacha kazi. Wa mgongo anatoa kwa mkono wa kulia, wa uso anatoa kwa kushoto, kwa hiyo mashoto siku zote ni wa uso.

Kivuli cha nne kutoka mlangoni kilikuwa cha wa uso, kirefu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooshwa.

Baba yake, Bakiri Mnali, alikuwa mashoto. Alikuwa wa nne katika genge lake.

* * *

Kwa miaka yote Shirikisho lilisema jambo moja. Makuli wa Mtwara waliajiriwa kuosha sitaha. Hakuna hata mmoja aliyeteremshwa chini. Wake zao walipouliza kwa nini waume waliokuwa na nguvu za kubeba magunia walikuwa wakitoka damu kwenye fizi, waliambiwa ni malaria. Wengine waliambiwa ni pombe. Mzee Bakiri hakuwahi kuonja pombe.

Bwana Halden, mwakilishi wa Shirikisho, hakuwa mtu mbaya, na Asumini alijilazimisha kulikumbuka hilo alipoingia ofisini kwake. Alikuwa amejifunza Kiswahili hadi cha kutania, na meli ilipoharibika yeye alikuwa hajazaliwa. Aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akasema yale ni mabomba. Mabomba yaliyokuwa karibu na ukuta yaliacha alama kali, yaliyokuwa mbali yakaacha alama hafifu, na baadaye mabomba yakaondolewa.

Asumini alimwomba ramani yenye mabomba hayo. Halden alijibu kwa upole kwamba ramani nyingi za wakati wa ajali zilipotea. Kisha akamsogezea hati ya makabidhiano ya makumbusho, ile ambayo mkuu wa makumbusho alitakiwa kuitia sahihi kabla mafundi hawajachomelea meli. Ndani yake kulikuwa na maneno ya kuandikwa kwenye kibao cha mlangoni. Yalisema chumba cha kinu kilihudumiwa na mabaharia wa Shirikisho peke yao, na kwamba wenyeji walitoa msaada wa heshima juu ya sitaha.

"Picha yeyote anaweza kuitengeneza, Bi Asumini," Halden alisema.

"Ukuta hautengenezwi."

"Kweli. Na ukuta tunakwenda nao."

Asumini alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa baraza la mji kuomba zuio. Meli ilikuwa zawadi ya Shirikisho kwa mji, iliyokwisha kupokewa. Kisheria ilikuwa mali ya Mtwara, na mwenye mali anaweza kukataa isikatwe. Jioni ile zuio lilikuwa limebandikwa mlangoni pa chelezo. Mafundi wa Kaskazini walikunja vifaa vyao wakaenda kuogelea.

Aliyempinga alikuwa Chande. Hakupinga kwa kelele. Alikuja na chapati mbili, akampa moja, akamweleza jinsi mambo yatakavyokuwa ukuta ukibaki. Sehemu kubwa ya mionzi ile ingekwisha wao wakiwa wazee. Lakini ndani ya chuma kile kulikuwa na metali ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka mia moja, na nusu ya nusu baada ya mia nyingine. Chumvi ya ghuba haingesubiri muda wote huo. Meli ingelazimika kupandishwa kwenye chelezo kila mara, ikwanguliwe na kuzibwa. Siku moja patatokea baraza lisilo na hamu, au vita, au fundi mvivu, na maji yatapata tundu.

Asumini alisema wangeweka mlinzi.

"Unamwajiri mlinzi ambaye mama yake hajazaliwa," Chande alisema. "Umemuuliza?"

Asumini alimjibu kwamba bila ukuta ule watu kumi na mmoja watakuwa mabomba milele. Chande hakubisha. Alisema yote mawili ni kweli, na hapo ndipo penye tabu. Akamaliza chapati yake, akaenda.

* * *

Mama yake Asumini, Bi Somoe, alikuwa anaangalia mpira. Alikuwa ameendesha winchi ya bandari hadi macho yalipomgomea, na tangu astaafu alihamishia amri zake kwa wachezaji. Asumini alisubiri mapumziko ndipo akamwekea picha mapajani.

Bi Somoe aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Alikitambua kivuli cha nne bila kuonyeshwa. Kidole chake kilikwenda hapo chenyewe.

"Mbona amefifia hivi? Wenzake wanaonekana."

Asumini alieleza. Wa mgongo walikuwa wamegusa ukuta, kwa hiyo vivuli vyao vilikuwa vidogo na vikali. Wa uso walisimama mbele, mbali na ukuta, kwa hiyo vya kwao vilitanuka na kufifia, kama mkono unavyofanya ukutani ukiusogeza karibu na taa.

Mama alifikiri. Kwenye televisheni watu walikuwa wakitangaza sabuni.

"Kwa hiyo waliofifia," alisema, "ndio waliokuwa karibu na moto."

"Ndiyo, mama."

"Mgongo wameupa moto, uso wameuelekeza kwa wenzao."

Asumini hakuwahi kulitazama hivyo. Alimweleza mama habari ya zuio, na ya Halden, na ya metali ya miaka mia. Alimwambia pia kwamba anaweza kuubakiza ukuta ule, na hakuna mtu wa Kaskazini atakayeugusa. Alitarajia mama atafurahi. Bi Somoe aliikunja picha mara mbili akaiweka chini ya glasi ya maji.

"Baba yako alikuwa na kelele," alisema. "Alikuwa anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta. Hiki kinakoroma?"

"Mama, ni ushahidi."

"Najua ni ushahidi, mimi si mtoto. Nakuuliza, alikufa kwa nini?"

Asumini aliitazama glasi, mama akaendelea.

"Alikufa kwa sababu watu walikuwa na sumu yao wakatafuta wa kuwachotea kwa ndoo. Sasa wewe unataka kuiweka, utafute watoto wa watu waikalie. Kwa ajili ya mume wangu. Mimi sikukutuma." Wachezaji walikuwa wanarudi uwanjani, akachukua kidhibiti cha televisheni lakini hakuongeza sauti. "Walileta wao, waibebe wao. Kila kipande."

"Ukuta ukiondoka watasema hakuwepo."

"Wamesema hivyo miaka yote na ukuta ukiwepo. Wakisema tena, wewe utakuwa umekufa ulimi?" Akamsukuma kidogo kwa kiwiko. "Sogea, unanizibia goli."

* * *

Kikao cha mji kuhusu zuio kilifanyika katika ukumbi wa wafanyakazi wa bandari, kwa sababu ukumbi wa baraza haukutosha. Watu walikaa hadi madirishani. Bwana Likanga, mwenyekiti wa mji, alifungua kwa kukumbusha kwamba vijana wanasubiri ajira, hoteli zinasubiri wageni, na chelezo kinasubiri meli nyingine. Alisema hakuna anayewadharau marehemu. Alisema kibao cha mlangoni ni maneno tu.

Kisha Halden aliionyesha picha ya ukuta kwenye turubai kubwa na kuieleza kwa Kiswahili chake kizuri. Bomba la karibu, bomba la mbali, bomba la karibu, bomba la mbali. Alisema anaelewa uchungu wa familia, na kwamba uchungu huona sura hata kwenye mawingu.

Watu waliikazia macho turubai, na Asumini alihofu kwamba wamemwamini. Halafu kiti kilisukumwa. Mwanamume mmoja mnene wa genge la ghala namba mbili aliinuka, akaenda kwenye ukuta wa pembeni, akaugusisha visigino. Mwingine alimfuata, akasimama hatua moja mbele yake kidogo pembeni, akiutazama ukuta. Wa tatu aliegemeza visigino. Hakuna aliyeamuru. Walikuja mmoja mmoja kama wanavyokuja asubuhi kengele ya ghala inapolia, kila mtu na nafasi yake, mpaka safu ilipotoka mlangoni ikafika jukwaani. Taa ya kuonyeshea picha ilikuwa inawaka upande wa pili. Vivuli vyao vilianguka ukutani: kidogo kikali, kikubwa kilichofifia, kidogo kikali, kikubwa kilichofifia.

Yule mnene alimwangalia Halden bila hasira.

"Bwana mkubwa," alisema, "hayo mabomba yenu kazi walifundishwa na nani?"

Watu walicheka, na kicheko kilikuwa cha namna ambayo Asumini hakuwahi kuisikia katika habari za Mgeni. Halden alizima picha. Likanga alipoona mambo yamegeuka alisema upesi kwamba basi ni wazi, zuio libaki, ukuta ubaki, na meli ibaki nzima kama ilivyo.

Asumini alisimama. Alikuwa ameandaa maneno mengi, akayaacha karibu yote. Alisema anaondoa ombi lake la zuio. Manung'uniko yalipanda, akangoja yashuke. Alisema ukuta ule ni wa baba yake, na hakuna aliye humo ndani anayeutaka kuliko yeye. Lakini mtoto atakayezaliwa Mtwara miaka mia ijayo hajaomba kuulinda, na baba yake alijua vizuri maana ya kupewa sumu na mtu aliyekaa mbali. Shirikisho lichukue kinu chake, na ukuta wake, na vumbi lake lote.

Halden alianza kushukuru. Alikuwa tayari ameitoa hati.

"Hiyo siitii sahihi," Asumini alisema.

Halden alimkumbusha, taratibu, mkataba unavyosema. Shirikisho lilikuwa na wajibu wa kuondoa sumu tu. Kuchomelea, rangi, taa na kila kitu kingine vilitegemea sahihi. Bila hiyo wangekata, wangepakia, na wangeondoka.

"Bi Asumini, mtabaki na vipande viwili."

"Msichomelee."

"Hiyo haitakuwa meli," Likanga alisema, na sauti yake ilikuwa karibu na kuomba. "Watu watakuja kuangalia nini? Shimo?"

"Ndiyo, mwenyekiti. Kibao chenu kinaweza kusema uongo. Kinu cha plastiki kinaweza kusema uongo. Meli iliyopakwa rangi ikaonekana nzima, huo ndio uongo wenyewe. Pengo mtaliandika nini? Kila atakayefika atauliza palikuwa na nini hapa, na nani alisimama, na sisi tupo, tutamjibu."

Likanga alisema mkuu wa makumbusho anaweza kubadilishwa. Asumini alikubali kwamba anaweza. Mtu mnene, akiwa bado ameegemeza visigino, alisema basi wambadilishe haraka, kwa sababu yeye na wenzake hawataondoka kwenye ukuta ule hadi wajue uamuzi, na meli ya sukari inangojewa bandarini. Hakuna aliyembadilisha.

* * *

Ukataji ulichukua msimu mzima. Moto wa mafundi ulionekana kutoka mtaa wa Shangani, wa buluu, na mvua ilipopita ulitoa sauti ya kukaanga. Chande alikaa pale kila siku na mashine yake, akipima upepo, akipima maji, akipima viatu vya mafundi. Alipoyaona makontena ya risasi yamefungwa na kupakiwa, alipima udongo wa chelezo mara ya mwisho. Udongo ulikuwa udongo.

Bwana Halden alikuja siku ya kuondoka. Alipita katikati ya vipande viwili, mahali ambapo sasa jua lilifika chini. Alisimama kidogo, akatazama huku na huku, kisha akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyegundua amekanyaga mkeka wa watu. Meli yake iliondoka na maji ya mchana.

Ndivyo Mtwara ilivyopata meli isiyo na katikati. Omo, kipande cha mbele, lilitazama ghuba; tezi, kipande cha nyuma, lilitazama mji, na baina yao palikuwa na pengo pana, kingo zake zikionyesha vyumba vilivyokatwa nusu: kitanda nusu, ngazi nusu, mlango usioelekea popote. Kibao hakikuwepo. Fedha za kibao hazikuwepo pia, wala za daraja, wala za winchi. Wiki ya kufungua, vitu vyote vya maonyesho vilikuwa kwenye tezi, na nusu yake vilitakiwa viwe kwenye omo: kengele, dira, vyombo vya jikoni, ndoo za chuma zilizookotwa chini na kupimwa na Chande zikaonekana salama.

Asumini alikuwa anafikiria mkokoteni alipowaona makuli wanaingia pengoni. Ukuta haukuwepo tena. Walichora mstari chini kwa mguu mahali ulipokuwa, wakapanga visigino juu yake. Wa mgongo, wa uso, wa mgongo. Baada ya wa tatu waliacha nafasi, wakaendelea. Nafasi ile ilibaki wazi, na hakuna aliyeonekana kushangaa.

Bi Somoe alitoka kwenye kivuli cha tezi akishikilia mkono wa bintiye. Alipofika kwenye nafasi ya nne aliuachia. Alisimama hatua moja mbele ya mstari, akalipa mgongo lile eneo tupu ambalo kinu kilikuwa kimekaa, akawaelekezea uso wenzake. Asumini alimwambia vyombo ni vizito, na yeye si mashoto.

"Nitajifunza," mama alisema. "Wewe nenda mwanzo, utupe kitu. Tumesimama."

Asumini alikwenda. Alichukua ndoo ya kwanza, tupu, mpini wake umeliwa na kutu, akampa wa kwanza. Ikapita kwa mkono wa kulia, ikapita kwa wa kushoto, ikapita kwa wa kulia. Bi Somoe aliipokea, akayumba kidogo, akaitoa kwa mkono wa kushoto.